Baba amegawa bao lake, na rafiki aliyekuwa akicheza naye alijiua mwezi wa pili. Nifanyeje?

Mshonaji_Magomeni aliandika:

Wakubwa zangu wa humu shikamooni, wenzangu habari za leo. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nikikatisha maneno sitaeleweka.

Nina fremu ya ushonaji hapa Mtwara mjini, Magomeni. Kwetu ni Newala, kijijini, juu kwenye uwanda. Baba yangu ana miaka 76. Mama alifariki Novemba mwaka jana, katikati ya msimu, korosho zikiwa ghalani na fedha za mnada hazijaingia. Tulimzika, tukasoma arobaini, kila mtu akarudi kwake. Baba akabaki na mjukuu mmoja wa darasa la sita, mtoto wa kaka yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu rafiki yake baba, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alijiua. Sitaeleza alivyofanya, haimsaidii anayesoma. Alikuwa anakaribia miaka 80. Yeye na baba walikwenda Tanga pamoja ujanani kukata mkonge, wakarudi pamoja, na tangu nina akili nimewaona wakicheza bao nyuma ya msikiti kila siku baada ya alasiri. Alipokufa watu walisema mengi. Wengine amerogwa, wengine ana madeni, wengine imani ilipungua. Alizikwa haraka, watu wachache, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi. Nilipompigia baba kumpa pole alinijibu, "Yeye kapumzika." Nikachukulia ni maneno ya msiba.

Sasa wiki tatu zilizopita mjukuu amenipigia kwa simu ya jirani. Babu amempa bao. Si kumwazima, amempa. Bao la mninga alilochongewa mwaka niliozaliwa mimi, limekuwa jeusi kwa mikono yake. Amemwita mtoto, amehesabu kete mbele yake, mbegu za komwe 64 kamili, akazifunga kwenye kitambaa, akamwambia, "Hizi zako, usipoteze hata moja." Baiskeli amempa kijana anayempulizia mikorosho. Redio amempa muadhini. Kaka yangu aliyeko Dar naye amepigiwa, ameelekezwa stakabadhi za chama cha msingi cha wakulima wa korosho ziko wapi na nani anadaiwa nini. Kaka amefurahi, anasema mzee anaweka mambo yake sawa. Mimi tangu siku hiyo nakata vitambaa vibaya, nimeharibu gauni la mteja la kitchen party, usiku nakaa macho.

Kuna mengine mawili lazima niyaseme. La kwanza, baba ana tezi dume. Tangu Agosti mwaka jana anatembea na mpira wa mkojo. Hospitali moja walimpangia upasuaji wakaahirisha mara tatu, na mara ya mwisho alisemeshwa mbele za watu kama mtoto. Tangu hapo hataki kurudi. La pili, sisi ukoo ni wa mama. Baba alioa kijijini kwa akina mama, akajenga huko, akapanda mikorosho 120 kwenye ardhi ya ukoo wao. Mama alipokuwa hai hakuna aliyehesabu. Baada ya arobaini, mtoto wa mama mkubwa ameonekana akipima shamba kwa hatua.

Juzi nilimuuliza kwenye simu kama kuna anachokosa, kwa sababu kaka anamtumia elfu hamsini kila mwezi. Akasema, "Sikosi kitu. Mzigo haulalamiki mwanangu, anayelalamika ni mbebaji."

Naomba kuuliza. Huu ni uzee au ni dalili? Nikimuuliza wazi kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo ambalo hakuwa nalo? Na kwa nini ni wanaume? Huko kwetu nimeshasikia habari za wazee wawili zaidi ya huyu, na wote walikuwa wamefiwa na wake zao.

Kivinje_82:

Pole sana dada. Mimi nakuomba usiogope. Babu yangu aligawa mashamba yote akiwa hai, akaishi miaka tisa baada ya hapo. Kwetu mzee akigawa mapema tunamshukuru, anazuia ugomvi. Msomee dua, mtafuteni mama wa makamo wa kumpikia, na usimuulize maneno ya kifo. Kuna milango haifai kugongwa.

Muuguzi_Ruangwa:

Dada Mshonaji, kabla hujasoma mengine: nenda nyumbani. Wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Na kuanzia leo usiku mtafute mtu mzima alale pale, mtoto wa darasa la sita hawezi kubeba jambo hili.

Kaka wa Kivinje namheshimu, na ni kweli wazee hugawa. Lakini tazama anachogawa. Mzee anayegawa mashamba huita watu, huketi na mashahidi, na kesho yake anasikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake kama kawaida. Huyu amegawa redio yenyewe, baiskeli anayopanda, na bao analogusa kila alasiri. Ukichanganya na kufiwa na mke, kufiwa na rafiki kwa kifo cha namna hiyo, maradhi yanayomdhalilisha, na maneno ya kujiita mzigo, mimi kazini nisingemwacha atoke mlangoni.

Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Jambo hili limechunguzwa sana na jibu limekuwa hilo hilo, kwamba anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa sababu amekuwa akilibeba peke yake. Muulize mkiwa wawili, kwa Kimakonde kama ndiyo lugha ya moyo wake. Anza na usingizi na chakula, kisha useme wazi: tangu mama aondoke, umewahi kuona heri usiamke? Umefikiria kujiua? Usizungushe. Akisema ndiyo, nyamaza umsikilize. Saa ile usimwambie anamkufuru Mungu, na usimwambie "usiseme hivyo baba", maana atatii, na hatasema tena. Akikwambia amepanga, asibaki peke yake hata kidogo, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali.

Kuhusu swali lako la mwisho. Tunasikia habari za vijana kujiua kwa sababu vijana ni wengi na vifo vyao vinatangazwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 727,000 walijiua mwaka 2021 dunia nzima. Ukigawanya kwa umri, karibu kila eneo la dunia waliovuka miaka 70 wamekuwa na kiwango cha juu kuliko rika zote, na wanaume kuliko wanawake. Kijana anaweza kujaribu mara nyingi akaokolewa. Kwa wazee, hesabu inayotumika sana ni majaribio kama manne tu kwa kila kifo kimoja. Mwili umechoka, yuko peke yake, na amelifikiria kwa muda mrefu bila kumwambia mtu. Ndiyo maana ukiona dalili kwa mzee huna muda mwingi.

Na mzee wa huku kwetu haji dirishani kusema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Anasema mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha, naamka saa tisa ya usiku sipati tena usingizi. Tunampa dawa ya maumivu anaondoka. Nalisema hili nikijua nimewahi kulifanya mwenyewe. Katika nchi walizofuatilia, wazee wengi waliojiua walikuwa wameonana na mhudumu wa afya ndani ya mwezi wao wa mwisho. Walifika, hakuna aliyewauliza.

Sonona inatibika hata kwa mtu wa miaka 76. Dawa huchukua wiki kadhaa kushika, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Upo Mtwara mjini, kuna Hospitali ya Ligula na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ulizia kliniki ya afya ya akili na papo hapo ueleze habari ya tezi dume. Hayo ni mambo mawili lakini mtu ni mmoja. Kama hana kitambulisho cha matibabu ya wazee, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika, sera yetu ya wazee ya mwaka 2003 inamtambua kila aliyefika miaka 60, na asiyejiweza anatibiwa bila malipo. Ukikwama usiku piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

La mwisho, dawa za mikorosho zitoke kwenye nyumba anayolala. Zote, leo. Wimbi hili la kutaka kufa humjia mtu kwa saa au siku kisha hushuka, na mara nyingi kinachomwokoa ni kutokuwa na kitu karibu. Sri Lanka walipoondoa sokoni viuatilifu vikali kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua nchini mwao vilishuka kwa zaidi ya nusu.

Mshonaji_Magomeni:

Dada muuguzi, Mungu akulipe. Nimempigia binamu mmoja ambaye nina imani naye, leo analala kwa baba kwa kisingizio cha kunguni nyumbani kwake. Dawa za mikorosho ameshazihamisha. Kesho alfajiri napanda gari.

Mawili yananisumbua. Kaka anasema tukitamka neno hilo hospitali polisi wataitwa, na mzee ataaibika. Lingine nimelijua leo kwa binamu: baba haendi msikitini tangu Agosti. Nilidhani ni miguu. Kumbe anaona mpira wa mkojo umemwondolea twahara, kwa hiyo swala ya jamaa ameiacha, na pale nyuma ya msikiti alikuwa anafika tu kwa ajili ya bao.

Karani_Lindi:

Hofu ya kaka yako ina mzizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na katiba. Hapa kwetu bado kipo, na mimi naona kinawafanya watu wafiche wagonjwa ndani. Ila sheria inagusa jaribio. Kuchoka kuishi, kulisema hilo, na kuomba tiba si kosa. Mpelekeni bila woga.

Kuhusu twahara, mleteeni sheikh nyumbani, asisubiriwe msikitini. Mwenye udhuru wa mkojo anatawadha wakati wa swala unapoingia na anaswali, swala yake sahihi. Hili ni la siku zote kwenye fiqhi, lakini mzee hawezi kwenda kuuliza swali hilo mbele ya vijana. Miezi yote hiyo amejihukumu mwenyewe kwa jambo lenye ruhusa. Imeniuma.

Mwalimu_Mstaafu_Nachingwea:

Marahaba mwanangu. Nimesoma habari za baba yako mara tatu, nikazima simu, nikatoka nje, nikarudi. Nina miaka 71. Mimi pia niliwahi kugawa.

Mke wangu alifariki miaka michache baada ya mimi kustaafu. Nataka ujue jambo ambalo wanangu hawakulijua mpaka nilipowaambia. Kwa miaka yote ile simu za watoto zilikuwa zinaingia kwake. Watazungumza nusu saa, watacheka, halafu nitasikia, "Haya mpe na baba." Mimi nitaulizwa mzima, nitajibu mzima, basi. Sikuona tatizo. Mama yao ndiye aliyekuwa njia yangu ya kuwafikia. Alipokufa simu zikaanza kuja kwangu, na hakuna upande uliojua la kusema. Wakawa wanatuma hela. Ile milio ya ujumbe wa fedha ndiyo ikawa maongezi yetu. Kaka yako anatuma elfu hamsini kwa mapenzi, simlaumu. Lakini muulizeni ni lini mara ya mwisho alimuuliza baba yake jambo ambalo yeye halijui.

Umeuliza kwa nini wanaume. Nilipokuwa chuo tulisomeshwa habari za Mfaransa Émile Durkheim, aliyekusanya takwimu za vifo hivi Ulaya na kuchapisha mwaka 1897. Aliona wajane na wasiooa wanakufa hivyo kuliko waliooa, na wasio na watoto kuliko wenye watoto. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Nimekuja kuelewa nikiwa nimekaa peke yangu kwenye kiti cha mkeka saa moja ya jioni, sijui nile nini.

Angalia huku kwetu kusini. Mama akizeeka, kazi yake inaongezeka. Wanamtafuta kwenye unyago, yeye ndiye nyakanga, yule kungwi mkuu, au anakaa karibu na nyakanga. Mtoto akizaliwa anaitwa. Wajukuu wanaletwa kwake. Mwanamume akizeeka, kila mwaka anapokonywa kitu. Zamani sisi wazee tulikuwa na jando. Tulikaa na vijana kumbini wiki kwa wiki, tukawafunza, na kijana akitoka anakusalimia kwa kuinama mpaka unaingia kaburini. Sasa watoto wanatahiriwa zahanati wakati wa likizo, siku ya saba wako uwanjani wanacheza mpira. Ni salama zaidi, sitaki turudi nyuma, lakini hakuna aliyetuuliza sisi tutafanya nini baada ya hapo. Kupulizia mikorosho dawa ya salfa kunataka mgongo, ukishindwa unamlipa kijana, na shamba linaanza kumjua yeye. Halafu huo ukoo wa mama. Ni mfumo mzuri, umelinda dada zetu. Ila mwanamume aliyeoa ugenini, mke akifa, anaamka asubuhi ni mgeni kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Hakuna anayemfukuza. Ni pale anapoona mtu anahesabu hatua shambani.

Na watu wenyewe tumepungua majumbani. Kwa sensa ya 2022 wastani wa kaya nchini ni watu 4.3, na mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, iko chini ya hapo. Ukipita vijijini kuanzia Januari, fedha za korosho zikiisha na vijana wakirudi Dar, utakuta nyumba nyingi zina mzee na mtoto wa shule tu, kama kwenu. Zanzibar tangu 2016 kila aliyefika miaka 70 anapata pensheni ya serikali, walianza na 20,000 kwa mwezi na baadaye ikawa 50,000. Natamani tungekuwa nayo bara. Fedha kiasi kile kile ukipewa na mwanao unashukuru, ukipewa kwa haki yako unanunua sukari na kumkaribisha mwenzako chai. Mimi nina pensheni ya ualimu, ndiyo maana nalijua hilo.

Sasa yangu. Nilikuwa nimegawa vitabu, miwani ya akiba, na saa. Nilikuwa nimechagua siku. Siku moja kabla yake, katibu wa chama cha msingi alikuja akaniomba nikae kwenye mizani msimu ule, kwa sababu wakulima walikuwa wanalalamika kuhusu vipimo na walimwambia wanamtaka mwalimu asimamie daftari. Sikupona siku hiyo. Niliendelea kuwaza vilevile. Ila nilikuwa nimeahidi saa mbili asubuhi, na maisha yangu yote sijawahi kuchelewa kipindi. Nikaenda. Kesho yake nikaenda tena. Msimu ulipoisha ndipo nilipomwambia binti yangu, akanipeleka kliniki, nikatumia dawa karibu mwaka mzima. Mizani ilinishika mpaka nilipofika kwenye dawa. Vyote viwili vilihitajika.

Nitumie namba ya baba yako kwa faragha. Sitamgusia haya. Nitamwambia nimepewa namba yake na mtu wa Newala, nataka kujua bei ya salfa huko na mikorosho ya uwandani imepukutisha au bado.

Muuguzi_Ruangwa:

Mwalimu shikamoo, na ahsante kwa kusema.

Hilo la simu lina ushahidi. Jimbo la Veneto, Italia, kati ya 1988 na 1998 walikuwa na huduma ya kuwapigia wazee mara mbili kwa wiki kuwajulia hali. Zaidi ya wazee 18,000 walipitia hapo. Kwa hesabu za eneo lile walitarajia kama 21 wangejiua, wakajiua 6. Lakini nafuu ilionekana zaidi kwa wanawake, kwa wanaume haikuwa wazi. Nikisoma alichoandika mwalimu naona kwa nini. Mama anaipokea simu kama maongezi. Baba anataka simu imletee kazi. Dada, kaka yako apige akiwa na swali la shamba.

Bibi_wa_Mikindani:

Nami niongeze kidogo upande wetu. Mwalimu amesema kweli, sisi tunaitwa. Lakini msidhani kuitwa ni sawa na kusikilizwa. Nimelea wajukuu wanne, wawili mama yao amefariki, kuna usiku nimelala nikiomba kusikuche. Anayejua ni somo wangu peke yake. Nimesikia kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari mmoja alianza kwa kuwafundisha bibi kumi na wanne wakae kwenye benchi nje ya kituo cha afya, wenye mawazo mengi waje waketi nao. Imeenea nchi nyingine. Huku kwetu mabenchi yapo, kila kibaraza kina lake. Wazee wa kiume wanakaa hapo siku nzima wakiongelea bei ya korosho, hakuna anayemuuliza mwenzake unalalaje. Mwanangu, baba yako akikujibu vibaya siku ya kwanza usirudi nyuma.

Mshonaji_Magomeni:

Nimerudi jana usiku baada ya siku tisa. Samahanini kwa kimya, huko mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu.

Nilifika magharibi. Baba alikuwa barazani bila taa. Siku ya kwanza sikumuuliza kitu, nilipika ming'oko, vile viazi vya porini, akala miwili. Siku ya pili tulikwenda shambani kutazama pa kufyeka. Tukachuchumaa chini ya mkorosho mmoja, wote tunatazama upande mmoja, nikamuuliza kwa Kimakonde kama muuguzi alivyosema. Wazi.

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema ndiyo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwenzake alipoondoka. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna mtu kijijini anayelijua. Siku mbili kabla ya kufa, wakiwa kwenye bao, yule mzee alimwambia, "Keshokutwa utafute mwingine wa kucheza naye." Baba akacheka. Akamwambia, "Unakimbia kufungwa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa rafiki yake wa miaka hamsini na zaidi. Alikuwa anayarudia kila usiku, saa tisa, kama alivyosema muuguzi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa habari za mama, za shamba, za mpira wa mkojo. Hili sikulijua kabisa. Nilimshika mkono, na sikumbuki mara ya mwisho kumshika baba mkono ilikuwa lini.

Hakuwa amechagua siku. Alisema alikuwa anangoja mjukuu afunge shule.

Nilikuja naye Mtwara. Hospitali tuliyokwenda daktari alimuuliza yote aliyopaswa kuulizwa, alimtoa mjukuu nje kwanza, akamwita "mzee wangu" kila mara. Amepewa dawa, anarudi baada ya wiki mbili. Mpira umebadilishwa na tarehe ya upasuaji tumepewa, safari hii imeandikwa. Kabla ya kuondoka Newala, mjomba, kaka yake mama, alikuja akaketi mkekani, akamwita yule mtoto wa mama mkubwa, akasema mikorosho ni ya aliyeipanda mpaka siku yake, na kaburi lake kama analitaka liko ubavuni kwa dada yake, yaani mama. Baba hakujibu. Ila usiku ule alilala mpaka alfajiri. Kumbe alikuwa hajui atazikwa wapi.

Sheikh naye alikuja. Baba anaswali nyumbani sasa. Msikitini bado hajaenda, simsukumi. Mwalimu, anakuita "yule mtu wa Nachingwea". Jumapili alikaa na simu mkononi toka saa tisa alasiri, na wewe hupigi mpaka saa kumi. Kaka amepiga kuuliza kuhusu miche ya kuziba mapengo shambani, wamebishana dakika ishirini.

Wanasema hatujavuka bado, na mimi ndivyo ninavyoona. Kuna siku hali chakula.

Mjukuu amerudisha bao mwenyewe, amekuja nalo kichwani ndani ya basi. Baba alifungua kitambaa, akahesabu, akahesabu tena. Komwe 62. Akamtazama mtoto, akauliza mbili ziko wapi. Mtoto analia, hajui. Sasa ninyi wa Msimbati na Mikindani, mkomwe ni mmea wa pwani, hapa mjini nimezunguka sijauona. Anayejua mahali umesalia anielekeze. Jumamosi nafunga fremu nimpeleke, anasema lazima azichague mwenyewe kwa uzito.